Sharti la Agosti

Kila Januari Khavere huigeuza kalenda ya mwaka uliopita,
ile ya chama cha akiba, yenye picha ya trekta,
na mgongoni mwake huandika miezi yote na masharti yake:
jina la kitabu liwe na nambari,
liwe na kiungo cha mwili,
liwe na maji, liwe na swali, liwe na rangi.
Kilichomo ndani ni shauri lako.
Kisha huibandika kibandani kwake Kondele,
kati ya nyuzi za kufumia na chaja za simu,
nasi wanne twaapa kama waendao vitani.

Mimi ni bawabu wa usiku, ghala la saruji, karibu na reli.
Nina tochi, rungu, na saa kumi na mbili za kunyamaza.
Januari nilisoma "Mbuzi Saba wa Mjane".
Februari, kwa kukosa, nikanunua Kibuye
kwa shilingi thelathini "Magonjwa ya Kwato".
Kwato ni kiungo, nilitetea. Zamzam alicheka hadi akakohoa.
Lakini leo mimi, nisiye na hata kuku,
namjua ng'ombe atakayechechemea kesho.

Machi, maji: "Mto Uliokosa Daraja".
Nililala ukurasa wa tisa.
Mwizi angelibeba ghala zima, na mimi juu yake.

Agosti: jina la ndugu. Wa damu, aliongeza Khavere.
Mshahara ulichelewa.
Kibuye walitaka mia mbili kwa "Mashemeji Watatu",
nao hawana jalada, wala si damu.
Basi, nikitafuta cheti cha kuzaliwa sandukuni,
mkono ukagusa kijitabu cha kliniki,
rangi ya maziwa yaliyolala:
"Mama na Mtoto".

Nilikisoma usiku huo chini ya taa ya lango,
wadudu wakidondoka juu ya maneno.
Kilo tatu kasoro. Chanjo. Mhuri.
Arudi. Arudi. Hakurudi. Arudi.
Katikati, mchoro: mstari wa uzito wangu
ukipanda kama mtu anayepanda Riat na mzigo wake,
mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne,
kisha wa tano ukashuka.
Wa sita ukashuka.
Wa saba ukasimama, kama anayevuta pumzi.
Hapakuwa na neno. Nukta tu za wino wa buluu,
na ile ya sita muuguzi aliibonyeza
hadi karatasi ikatoboka.

Wajomba husema, kwenye matanga, wakishashiba,
kwamba mwaka ule miwa ilikatwa na pesa haikuja.
Husema hivyo, kisha huongea mambo ya mpira.

Asubuhi nikampigia mama, Muhoroni.
"Nilipokuwa wa miezi mitano, kulikuwa na nini?"
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake.
"Ulikuwa ukiota meno. Mtoto akiota meno hukataa uji.
Wewe, umekula?"
Nikasema nimekula.
Nikafunua ukurasa wa kumi na moja:
jino la kwanza, mwezi wa tisa.
Nikakifunga.

Jumapili kukawa na kesi.
Achola akasema hakihesabiki, hakina mwandishi.
Zamzam akasema kina wawili, muuguzi na mizani.
Khavere akakipima mkononi kama kitunguu,
akauliza, "Kinaishaje?"
Nikasema kurasa za mwisho ni tupu.
Akaitazama kalenda kwa muda,
akanitilia alama ya vema, lakini ndogo,
pembeni, pale trekta inapoonekana kwa nyuma.

Septemba ni rangi.
Achola ameniazima kimoja kinene, sijakifungua.
Mama amepiga mara mbili wiki hii
kuuliza kama nimekula.